Kidoti Kilichofifia

Jumatatu, 4 Agosti
Shadya amerudi! Nimemwona Mtaa wa Mkunguni akichagua vitenge. Mjane sasa, ametoka Tanga, anakaa kwa dada yake. Zamani, kabla nyumba zetu za vibaraza hazijavunjwa zikapandishwa maghorofa, alikuwa akipita mbele ya cherehani yangu na kuita, “Kidoti!” Mtaa mzima ukadaka jina. Siku hizi hakuna aniitaye hivyo. Leo kanitazama, kasalimia kama mpita njia, kapita.

Nimeshika kioo. Kidoti changu cha shavuni kimefifia, kimebaki kama tone la chai. Sababu ni hiyo. Si kitambi.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango: wanja. Nimemwambia muuza vipodozi ni wa binti yangu. Sina binti. Nimekikoleza kidoti, nikapita mbele ya duka la dada yake kama mtu mwenye shughuli.

“Kidoti!”

Moyo ukaruka! Tukakumbushana kahawa ya barazani, redio ya jirani iliyotosha mtaa mzima, suruali tulizokunja kuvuka maji ya Jangwani. Nikawa kijana. Kisha Beno muuza spea, aliyemtaka Shadya tangu enzi zile, akaja kujibanza katikati. Akasema eti kidoti changu kimenenepa. Husuda!

Jumatano, 6 Agosti
Jua kali. Jasho. Wanja umetandaa shavu zima, sina habari. Shadya alipoona, uso ukambadilika. Kaka yake alikuwa na kidoti kilichobadilika, wakapuuza, wakaja kumzika. Akanishika mkono hadi zahanati. Nilitaka kusema kweli. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu!

Daktari Ritha akafuta kwa spiriti. Pamba nyeusi tii.

“Abbasi,” Shadya akasema, “umri huu?”

Daktari akaeleza kwamba vidoti vingi havina neno, na kufifia ukubwani ni kawaida. Cha kuogopa ni kinachokua, kinachobadilika rangi, kinachotoa damu. Kwa ngozi zetu nyeusi kibaya hupenda kujificha nyayoni. Nivue viatu. Nikavua nikicheka. Yeye hakucheka. Kisigino cha kushoto kina doa nisilowahi kuliona. Wamelikata, wamelipeleka kupimwa. Shadya alinisubiri kwenye benchi. Naogopa.

Jumatatu, 25 Agosti
Majibu: si saratani! Nimelia mbele ya daktari. Shadya naye akalia, akanifuta kwa ncha ya mtandio wake. Kumbe siku ile ya kwanza alinitambua, aliona haya tu. Amenitaka niache ujanja. Nimeapa.

Ijumaa, 29 Agosti
Kidonda cha kisigino kimepona kabisa. Balaa! Shadya huniletea mchuzi kila mchana kwa kuwa sitembei vizuri, kisha hukaa tukaongea ya zamani. Nimeamua kuchechemea mpaka Ramadhani. Leo nimemsindikiza hadi ngazini, nikiburuta mguu kwa ustadi mkubwa. Akanitazama miguuni, akauliza kidonda kimehamia lini kulia.

Nimemjibu kwamba maumivu yamevuka. Nadhani ameamini.