Waraka Namba Saba na Mwiko wa Bibi

Ninayo heshima kutangaza, kwa niaba ya Ofisi ya Wanafunzi wa Kigeni, kwamba chuo chetu cha hapa Guangzhou kimemaliza mwezi Machi bila uhalifu wowote, na kwamba uhalifu huo umeripotiwa ipasavyo na watumishi wote.

Asiyejua utawala ataona kuna mgongano hapo. Hakuna. Waraka Namba Saba, uliotoka mara baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, ulisema kila mtumishi, kuanzia mkuu wa kitivo hadi mpishi wa tambi, ni Mamlaka ya Taarifa. Akiona uhalifu, akiusikia, au akihadithiwa na mtu aliyehadithiwa, sharti auingize kwenye mfumo ndani ya saa ishirini na nne. Asipofanya hivyo anahesabiwa mshiriki. Februari ikapita bila mtu kuripoti kitu, na Mkurugenzi Liang, bosi wangu, akafadhaika.

"Sifuri ni namba nzuri," alituambia kikaoni, "lakini sifuri isiyofanyiwa kazi ni uvivu."

Ikaamuliwa kwamba kila mtumishi alete taarifa mbili kwa mwezi, na jumla ya uhalifu ibaki sifuri, maana mwisho wa Machi wakaguzi wa jiji wangekuja kutukabidhi cheti cha Chuo Salama. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa muda mrefu kuliko wengine, kwa sababu mimi, Jonas Mbwambo wa Usangi, ni Mratibu Msaidizi wa Muda, na mkataba wangu huongezwa kila Juni.

Taarifa yangu ya kwanza ilikuja yenyewe. Mama Kalista, mfanyabiashara wa Moshi ambaye ana kichumba cha mizigo kwenye jengo la biashara la Tianxiu na huwaletea wanafunzi unga na maharage, alikaa kwenye ngazi za bweni akasema, "Jamani, leo nimepigwa soko la Shahe. Suruali mia mbili, na zote mguu mmoja mfupi. Nimerudi kwa laoban mwenye duka, ananiambia meiyou, hakuna kurudisha." Niliandika: mwanamke amepigwa. Idara ya Usalama ikampigia simu kuuliza jeraha liko wapi. Akawajibu kwamba jeraha lipo, ila ni la moyoni, na simu ikakatwa kwa adabu. Nilibakiza taarifa moja.

Jumapili ya mwisho ya Machi, Edina alikuwa na msiba. Edina ni mwanafunzi wa afya ya jamii, na ni wa kwetu Usangi. Bibi yake, aliyemlea tangu akinyonya, alifariki siku ya Alhamisi. Ijumaa Edina alileta ofisini fomu ya ruhusa ya msiba. Kwenye fomu, marehemu anaruhusiwa kuwa mzazi, mume, mke au mtoto. Nilimweleza kwa upole kwamba bibi yake hakufa katika kundi linalotambulika. Alichukua fomu yake akaondoka, na tangu hapo hakusema neno na mtu.

Kwa hiyo wenzake wakamwekea matanga ukumbini bwenini. Machi kuta za Guangzhou hutoa jasho, na siku ile zilitoka jasho kweli, kwa sababu Mama Kalista alikuwa amebandika sufuria kubwa la makande. Edina alikaa kwenye mkeka ameshika mwiko mkononi. Ulikuwa mwiko wa mti, mweusi kwa umri, ambao bibi yake alimtilia kwenye sanduku siku anasafiri. Mama Kalista aliuomba akorogee, akanyimwa, akakoroga kwa kijiko cha supu.

Hapo ndipo alipoingia Theophil Shirima, Mchaga wa Rombo na kwa hiyo mtani wetu sisi Wapare wa Usangi, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa aliyebakiza siku tano atetee tasnifu yake. Amejifunga khanga kiunoni, analia kilio cha uongo kilichosikika hadi ghorofa ya sita.

"Bibi yangu mimi," alilia. "Umekufa bila kunilipa mbuzi wangu. Na hawa Wapare uliowaacha hata machozi wanayapima kwa kijiko. Nichukue nini mimi? Nachukua mwiko."

Akaupokonya mkononi mwa Edina. Edina akanyanyua uso, akaduwaa, kisha akacheka. Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka Mama Kalista akamkumbatia, na wote tukajua kwamba sasa msiba umekaa sawa.

"Nirudishie, Mchaga mwizi wewe," Edina akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ijumaa.

"Utaukomboa kwa chai na maandazi," Theophil akajibu. "Na ukiwa na kesi, peleka. Wapare si mnapenda kesi?"

Wakati huohuo Mkurugenzi Liang akaingia na kikapu cha matunda kuhani msiba, nami nikainuka mkekani nikamfuata na kamera ya ofisi. Theophil alimwona, akapiga goti, akamkabidhi ule mwiko kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kichina, "Mkubwa, nitunzie hiki. Huyu dada akikuomba usimpe." Mkurugenzi, ambaye ni mtu mwenye heshima zake, aliupokea kwa mikono miwili vilevile akainamisha kichwa. Nikapiga picha. Kesho yake ilikuwa kwenye tovuti ya chuo: Mkurugenzi apokea Fimbo ya Heshima ya Wazee wa Afrika. Adhuhuri fimbo yenyewe ikatundikwa ukutani ofisini kwake, ndani ya kioo.

Nami nilibakiza taarifa moja, na mwezi unakatika. Nilijiuliza kama mtumishi mwadilifu. Je, nimeona mali ya mtu ikichukuliwa kwa nguvu? Nimeona. Je, aliyechukuliwa ametamka neno mwizi? Ametamka, mbele ya mashahidi. Sikuwa na la kufanya. Mfumo hupokea lugha zote na hutafsiri wenyewe, basi nikaandika kwa Kiswahili safi: Theophil Shirima amechukua mwiko. Nikabonyeza.

Mfumo, ambao haujawahi kupika makande, ulijua maana moja tu ya mwiko. Jumatatu jioni Idara ya Usalama ilipokea taarifa ya Kichina isemayo: Theophil Shirima amechukua kitu kilichokatazwa.

Jumanne asubuhi walipekua bweni zima. Walikuta pilipili, majani ya chai na suruali mbili za mguu mmoja mfupi. Kitu kilichokatazwa hawakukiona, na kwa kuwa hawakukiona ilithibitika kwamba kimefichwa kitaalamu. Theophil akapewa barua: mwenye shauri la wazi haruhusiwi kutetea tasnifu. Utetezi wake ulikuwa Ijumaa, na viza yake ilikuwa inaisha wiki inayofuata. Miaka minne ya kazi ingerudi Rombo bila cheti.

Nilienda Idara ya Usalama kusahihisha. Nikaambiwa taarifa iliyopigwa muhuri hairekebishwi, huongezewa tu. Niliporudi nilimkuta Edina mlangoni kwangu.

"Kaka Jonas, ni wewe?"

"Ni mfumo," nikasema.

"Bibi yangu amefariki, sijamzika. Mtu mmoja tu ndiye aliyenichekesha, na huyo ndiye umemshitaki. Huyo ni mtani wako wewe pia. Kesi ya mwiko, kaka, umeileta mpaka China."

Nilimwambia kwamba wajibu ni wajibu. Lakini aibu niliiona, na sikula siku ile.

Jumatano tuliketi kwenye ofisi ya Mkurugenzi kusikiliza shauri: Mkurugenzi, maofisa wawili wa Usalama, karani wa kumbukumbu, Theophil, Edina kama mwathirika, na mimi kama mkalimani. Kwa kuwa nilikuwa pia mtoa taarifa, nilipewa masharti ili nisipendelee. Niliruhusiwa kutafsiri vitenzi na vivumishi, ila nomino zote zibaki kama mfumo ulivyozitafsiri.

"Kitu kilichokatazwa ni cha aina gani?" aliuliza ofisa.

"Cha mti," akajibu Theophil.

"Kinavutwa au kinamezwa?"

"Kinakoroga."

Maofisa walitazamana. Karani aliandika kwamba athari yake ni kukoroga.

"Na wewe," ofisa akamgeukia Edina, "ulikuwa nacho tangu lini?"

"Tangu nitoke nyumbani. Bibi alinipa."

"Bibi anacho kingine?"

"Alikuwa nacho katika kila jiko."

Ofisa alinywa maji. Edina akaeleza kwamba Theophil hakuiba, kwamba ni mtani wake, na mtani anaruhusiwa kuchukua kitu msibani ili wafiwa wacheke.

"Anaruhusiwa na ofisi gani?"

"Na mababu."

"Wana muhuri?"

"Walikuwa na midomo tu, mzee."

Muda wote huo mwiko ulikuwa ukutani, ndani ya kioo, shubiri mbili juu ya kichwa cha Mkurugenzi Liang. Edina aliuona tangu alipoingia. Theophil aliuona. Mimi ndiye niliyeshika ngazi ukitundikwa. Hakuna aliyesema, kwa sababu sisi tumelelewa, na mtu mzima haumbuliwi mbele ya watu.

Mkurugenzi akachukulia kimya chetu kuwa ukaidi. Akasimama akaagiza iandikwe kwamba atakayekutwa na kitu hicho, bila kujali cheo, ataondolewa chuoni ndani ya saa ishirini na nne, na aliyekijua akanyamaza ataondoka naye. Karani akaandika. Muhuri ukagongwa. Mkurugenzi akaketi, ameridhika.

Edina aliutazama ule muhuri mwekundu ukikauka. Kisha akanitazama mimi.

"Kaka Jonas, nitafsirie hili, na nomino usiiruke. Mwambie naomba mwiko wangu. Mwambie uko juu ya kichwa chake."

Mkataba wangu ni wa Juni. Niliukumbuka vizuri, na kila kifungu chake. Lakini nilimkumbuka pia bibi yule, kwa sababu Usangi si kubwa, na niliwahi kula kwake makande yaliyokorogwa kwa mwiko uleule. Nikafungua mdomo nikatafsiri kila kitu, na nomino nikaitafsiri kama tulivyofundishwa na mfumo: "Mwathirika anasema kitu kilichokatazwa kiko ukutani kwako, Mkurugenzi. Picha yako ukikipokea ipo kwenye tovuti ya chuo."

Mkurugenzi Liang aligeuka polepole. Alikitazama kile kioo kwa muda mrefu. Maofisa wa Usalama wakaanza kusoma viatu vyao. Karani, kijana mwaminifu, aliuliza kama aandike, akaambiwa apumzishe mkono.

"Huu utani," Mkurugenzi akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "mtu anaingiaje?"

"Hauingiwi, mzee," akasema Theophil. "Unazaliwa nao."

"Au unatwaliwa," akasema Edina. "Ukishapokea kitu cha msiba kwa mikono miwili, wewe ni mtani tayari. Tangu Jumapili."

Tangu Jumapili ilimfaa sana Mkurugenzi. Saa hiyohiyo ukaandaliwa Waraka Namba Nane: kwamba yeye ni mtani halali wa wanafunzi wote waliohudhuria matanga yale, kuanzia Jumapili, na kwamba kitu chochote kinachochukuliwa baina ya watani si uhalifu, hakiripotiwi, na hurudishwa kwa makubaliano. Alitia sahihi, akagonga muhuri mara mbili. Mwiko ukashushwa, Edina akaufuta vumbi kwa khanga yake. Shauri likafungwa kwa kukosa kosa.

Ijumaa asubuhi Theophil alitetea tasnifu yake, akafaulu, na Mama Kalista akapiga vigelegele ambavyo wahadhiri walivinukuu kama swali.

Mchana wa siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi ya ofisi zote hapa, Mkurugenzi alijilaza kwenye kitanda cha kukunja hadi saa nane. Viatu vyake aliviacha mlangoni. Saa nane na dakika tano aliniita, yuko na soksi.

"Jonas, viatu vyangu vimeibiwa."

Nilitoa daftari langu. "Niandike vimeibiwa, Mkurugenzi? Wakaguzi wako kwenye lifti. Ikiandikwa vimeibiwa, mwezi hauwi sifuri. Kama havikuibiwa, basi vimechukuliwa na watani, Waraka Namba Nane."

Alifikiri. Lifti ililia ghorofa ya tatu.

"Wanataka nini?"

Nilimpa fomu ya Edina, ileile ya Ijumaa iliyopita, ambayo watani walikuwa wameniachia mezani asubuhi. Aliisoma mpaka pale penye mzazi, mume, mke au mtoto. Akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake pembeni, bibi, akaizungushia duara na kugonga muhuri juu yake, ili mtu mwingine asije akaambiwa tena kwamba bibi hafi. Edina alisafiri Jumapili, na mwiko kwenye sanduku, akawahi kumaliza matanga nyumbani.

Viatu vilirudi saa tisa, vikiwa vimepigwa rangi. Wakaguzi walikuwa wameshaondoka. Picha ya Mkurugenzi akipokea cheti cha Chuo Salama ipo kwenye tovuti, nami nimeikata magotini kwa heshima.

Mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu. Theophil alikuja kuniaga Jumatatu. Alisema Wapare hatujui hata kumpa mgeni maji, akanywa chai yangu yote, akaondoka na daftari langu la taarifa kwapani. Nililiona likitoka mlangoni. Leo ni Jumatano, saa ishirini na nne zimepita mara mbili, na mimi niko hapa nakunywa maji.