Kenge Wangu na Kima wa Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Hasira. Bustani ya wanyama imepata banda jipya. Moja tu! Wanaligombea kenge wangu mkubwa na kima anayetunzwa na mdogo wangu. Wote wako hatarini kutoweka duniani. Alhamisi Mkurugenzi atawatazama, achague. Atakayeshindwa atahamishiwa bustani ya mbali.

Nimewalinganisha kwa haki. Kima: kelele, wizi, chawa. Kenge: utulivu, heshima, ukoo wa kale. Mdogo wangu akasema nimesahau kutaja anayenuka mdomo. Nilibamiza mlango, ukanibana kidole.

Jumanne, 4 Machi
Mezani tulimwomba Mama aamue. Kasema kima ana macho ya kitoto, kenge ana sura ya shemeji yake. Na Mama hampendi shemeji huyo. Watu huhurumia kinachofanana nao tu! Asiye na kope ndefu afe? Nikasusa chakula. Hakuna aliyenibembeleza.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Mnyama mnyonge havutii mtu. Nimempa kenge nusu mbuzi. Akanitazama, nikamwongezea paja. Kesho atatembea kama mfalme.

Alhamisi, 6 Machi
Gogo! Amelala kama gogo, tumbo limetuna. Nilimwita. Nikagonga ndoo. Nikamwimbia, mbele ya Mkurugenzi. Hata ulimi hakuutoa. Mkurugenzi aliuliza kwa upole kama yu hai.

Kima alimpokonya miwani, akaivaa. Mkurugenzi alicheka mpaka akashika mbavu. Anacheka akiibiwa!

Mdogo wangu alinivuta hadi kwenye kibao cha banda la kenge, kinachoeleza kwamba kenge akishiba hulala siku kadhaa.

“Dada, si mwandiko wako huu?”

Ni wangu. Nikamwambia kibao kinahusu kenge wa kawaida.

Ijumaa, 7 Machi
Kima kapewa banda. Kenge wangu ataondoka wiki ijayo. Nimeshinda naye, nikimkuna shingo. Alifumbua jicho moja, akalifumba. Nikalia kidogo, kwa hasira.

Mdogo wangu aliniletea chai. Kumbe amekwenda kwa Mkurugenzi kuniombea, na Mkurugenzi amekubali kumwona kenge mara nyingine, akiamka. Nilimshukuru huku nimekunja uso.

Nafasi ya mwisho hii. Sitaki kubahatisha. Nimekaa, nikatafakari kama msomi kosa lilikuwa wapi, na nimelipata.

Nyama ilikuwa kidogo. Nimeagiza mbuzi mzima.