Mrithi wa Bosi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ifahamike kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu, kwamba leo nimekabidhiwa rasmi neno la siri la mfumo wa kumbukumbu za wafanyakazi. Miaka yote hii katika ofisi ya utumishi ya idara ya maji, nikitaka hata tarehe ya kuzaliwa ya mlinzi, ilinibidi nibishe hodi kwa Dada Takwimu. Sasa basi. Nimevaa tai.

Bosi ndiye aliyeniita. Anastaafu mwakani, yeye na wengine kadhaa, na wakubwa wa juu wanataka ripoti: nani anaondoka, lini, na nani atashika nafasi yake. Akaniagiza nishirikiane na Dada Takwimu. Nikasema bila shaka. Sitashirikiana naye. Sisi wawili ndio wasaidizi wa Bosi, kiti ni kimoja, na ripoti iko mikononi mwangu.

Jioni nimemwambia mama watoto ajizoeze kuitwa mke wa Mkuu wa Utumishi. Akasema sawa, ila huyo Mkuu atoe takataka nje kwanza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mfumo mtamu huu. Unabonyeza "Wanaokaribia Kustaafu", majina yanajipanga yenyewe. Mpishi wa kantini, Agosti. Fundi mkuu wa pampu, Desemba. Huyo sikumdhania, ana meno yote. Dereva mzee. Bosi mwenyewe.

Nikafungua jalada la kila mmoja. Chini kabisa, kisanduku: "Mrithi". Kumbe kazi imeshafanywa. Tena imefanywa vibaya kupita kiasi. Mpishi kamwandika mjukuu wake, mtoto wa darasa la pili. Huyo ndiye atakayelisha idara nzima? Fundi wa pampu kamwandika mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Na Bosi, mtu ninayemheshimu, naye kamwandika mkewe. Mkunga! Aje aongoze utumishi na mkasi wa vitovu mkononi.

Nimekaa kitako nikatafakari jinsi upendeleo ulivyokithiri katika ofisi za umma. Watu wanagawa vyeo kama viwanja vya ukoo.

Dada Takwimu akapita nyuma yangu, akachungulia. Akaanza, kaka, hicho kisanduku cha mrithi, unajua hicho ni cha... Nikamkatiza. Nikamwambia asante dada, kusoma najua. Akainua mabega, akaenda zake kunywa chai. Wivu nautambua hata kwa mwendo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya haki. Nimefuta ukoo wote.

Fundi wa pampu: nimemwekea yule binti wa mafunzo, mwenye sikio la kutambua pampu inayoumwa hata akiwa nje ya uzio. Mpishi: muosha vyombo wake. Hawa wawili hawasemezani tangu sufuria kubwa ilipoungua na kila mmoja akamsukumia mwenzake, lakini kazi ni kazi. Dereva: mlinzi wa geti. Magari anayaona kila siku.

Kwa Bosi nilisita kidogo, kwa adabu tu. Kisha nikaandika jina langu, la baba na la babu.

Pembeni kulikuwa na kitufe cha kuwatumia ujumbe wahusika, kwenye simu zao na za nyumbani kwao. Nikaona ni uungwana watu wajue mapema. Nikabonyeza. Leo nitalala kama mtoto mchanga.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilipofika, mke wa fundi wa pampu alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu, tepu ya kupimia nguo shingoni. Akaniuliza, kwa upole ulionitisha, huyu binti ni nani, na mume wake ameanza lini kumwachia mali. Akanionyesha simu. Ujumbe ulisema: "Mrithi wako wa mafao ni..." Halafu jina la yule binti, bila kosa hata la herufi.

Mafao. Neno hilo sikuliona kwenye kisanduku. Lilikuwa, kama nilivyoonyeshwa, juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, na rangi. Mrithi si wa kazi. Mrithi ni anayechukua haki zako siku ukifa. Fundi mwenyewe, nikaambiwa, usiku wa jana alilala na pampu.

Huku kantini mpishi alikuwa anaapa kwamba afadhali mafao yake yamwagwe kwenye sinki kuliko yaende kwa mtu aliyemuunguzia sufuria. Wakati huo huo muosha vyombo akatokea, macho yamemlowa, akamshika mikono. Akasema hakujua kama mama anampenda kiasi hicho, na kwamba ile sufuria ndiyo, aliiunguza yeye. Mara wanakumbatiana na aproni zao. Mlinzi naye alikuwa anamfungulia dereva geti kwa saluti na kumwita baba.

Nilikuwa naanza kupumua alipoingia mke wa Bosi.

Akavuta kiti, akasema hujambo mwanangu. Yeye, alisema, kazalisha nusu ya mji huu, na wa kwake mwenyewe anawakumbuka wanne. Basi nimsaidie: mimi nilizaliwa zamu ya nani? Nilikuwa na kilo ngapi? Nililia, au ilibidi nichapwe kidogo? Akaomba nigeuke aone kama nimechukua kisogo cha baba. Nikageuka. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nikacheka, kwa kuwa sikuona kazi nyingine iliyonibakia.

Kisha Bosi akavaa miwani yake. Kesho, akasema, kikao. Atatangaza nani anashika kiti chake, na mimi nafanywa nini.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tai nimeiacha nyumbani.

Dada Takwimu alikuwa na nakala ya kumbukumbu zote za kabla yangu. Kila kitu kimerudi mahali pake kabla chai haijapoa. Lakini watu hawakutawanyika. Walijipanga mpaka kwenye ngazi, kila mtu anataka kujua mrithi wake ni nani. Dereva mzee aligundua kwamba miaka yote hii, kabla ya mlinzi wangu, mrithi wake alikuwa mke wa kwanza, aliyemkimbia na fundi redio. Akabadilisha pale pale, akaweka mke aliye naye. Akanishika mkono na kuutikisa mpaka bega likauma.

Kikaoni Bosi akasema kumbukumbu zetu sasa ni safi kuliko wakati wowote, na akatangaza anayeshika kiti. Nilipiga makofi.

Nyumbani nimemwambia mama watoto kwamba nafasi niliikataa kwa ajili ya familia. Akasema pole baba, familia inashukuru. Kisha akaenda jikoni, nikasikia anacheka na mabakuli.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike yaliyotokea kweli.

Sikukataa. Sikupewa. Kiti ni cha Dada Takwimu. Jina langu lilitajwa mara moja tu kikaoni, pale Bosi aliposema nibaki kazini lakini kwenye mfumo nisiguse kitu isipokuwa namba za simu. Dada Takwimu angeweza kuniumbua mbele ya wote. Badala yake alisimama akasema kisanduku kile kimeandikwa vibaya, na mtu yeyote angekosea. Kisha akaniletea chai. Ni mtu mwema, na kazi anaijua kunizidi mimi. Nimeamua kuanzia leo kuwa nguzo yake.

Asubuhi nilikuwa nasahihisha namba yake ya simu. Hapo nikaona, katikati ya "Anwani" na "Watoto", kisanduku alichokiacha wazi: "Mwenza".

Mkuu mwenza, bila shaka. Mzigo ule ni mzito kwa mtu mmoja, na yeye kwa haya zake asingeweza kuniomba mwenyewe.

Nimeweka jina langu. Atafurahi sana akiliona.