Dubu wa Kuzuia Watu

Jumatatu, 24 Agosti
Njia mpya ya matembezi imefunguliwa leo. Kilomita saba: inapanda na mto hadi kwenye maporomoko, inazunguka ziwa, inarudi ilipoanzia. Hotuba, kahawa, maandazi ya mdalasini. Nilikula manne. Sikupiga makofi.

Inapita hatua arobaini kutoka kwenye uyoga wangu wa manjano! Miaka thelathini na mmoja nimepaficha mahali pale. Hata Sirkka, mke wangu, hapajui. Na nimekwisha kumwahidi ndoo mbili kwa supu ya sikukuu ya mavuno, Jumapili. Ameitangazia parokia nzima. Uyoga bado mdogo. Unahitaji siku nne.

Aliyechagua njia ipite wapi ni Voitto, jirani yangu, mwenyekiti wa kijiji. Nilimlalamikia kwamba miguu mingi huharibu msitu. Akanipigapiga begani: "Msitu ni wa kila mtu, mzee mwenzangu. Nawe tembea kidogo, hicho kitambi kipungue."

Kitambi! Yeye je?

Jumanne, 25 Agosti
Nimeshinda na gazeti juu ya jiwe lililo kando ya uyoga, nikijifanya napumzika. Wamepita watu kumi na tisa na mbwa wawili. Mama mmoja aliacha njia, akachuchumaa karibu kabisa na uyoga. Moyo ulinisimama. Kumbe haja ndogo tu. Aliponiona alipiga yowe. Nilimweleza kwamba nasoma gazeti. Hakuridhika.

Jioni nikapata dawa. Dubu! Nani atatembea penye dubu? Nimekata soli ya buti kuukuu la mpira, nikapigilia misumari mitano iwe kucha.

Jumatano, 26 Agosti
Alfajiri nimegandamiza nyayo kumi na mbili kwenye tope la ukingo wa mto. Kazi safi. Saa nne Voitto alikuja mbio, anahema, kuniambia kuna dubu. Nilijishika kifua. Nilisema mimi kule sikanyagi tena. Mchana njia tupu, hata mbwa hakuna.

Nimelala usingizi mtamu. Mjinga nani sasa?

Alhamisi, 27 Agosti
Balaa! Magari thelathini na manne pale njia inapoanzia. Watu wa mjini, wenye kamera ndefu kama mabomba ya jiko. Wamekuja kumwona dubu! Voitto anawaongoza kwa makundi, filimbi shingoni. Mtaalamu mmoja alipima nyayo, akasema zote ni za mguu wa kushoto. Nikajua nimekwisha. La hasha. Amekata shauri kwamba ni dubu kilema, masikini, anayerukaruka kwa mguu mmoja. Wanawake wawili walilia. Mmoja ameacha asali.

Wameambiana mahali pazuri pa kumvizia ni kwenye kile kilima kando ya jiwe langu. Wametandika mablanketi. Watalala hapo hapo.

Ijumaa, 28 Agosti
Niliamua kumhamishia dubu ng'ambo ya ziwa. Nyayo zianzie chini ya kilima, zielekee majini. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikuwa nimepiga magoti, soli mkononi, nikigandamiza unyayo wa tatu. Nikainua macho. Watu kumi na mmoja wananitazama, wamejifunika hadi shingoni.

Mmoja aliniuliza kwa upole nafanya nini. Nikaitupa soli nyuma yangu. Mdomo ukasema natafuta uyoga. Akauliza uko wapi. Mkono ukaonyesha wenyewe!

Walinihurumia, mzee kutambaa topeni, wakanichumia. Nusu saa haikwisha, ndoo mbili zimejaa, na waliobaki wanajichumia wao. Voitto naye akatokea. Aliiona soli. Aliiokota, akaitazama, akaitia ndani ya koti. Kisha akapuliza filimbi na kuwatangazia wageni kwamba dubu ameonekana akiogelea kwenda zake, hatarudi. Walikunja mablanketi kwa huzuni.

Tulipobaki wawili alininong'oneza: "Tauno, kijiji kizima kinapajua mahali pako. Tunakuachia kwa sababu ukiukosa unanuna mpaka Krismasi."

Nyumbani nikamuuliza Sirkka. Alikuwa akisafisha uyoga, hata hakugeuka. "Nilijua mwaka ule ule wa kwanza. Unaimba ukichuma, mume wangu. Hadi ng'ambo husikika."

Nimekaa saunani, kibanda chetu cha kuogea mvuke, saa nzima bila kuwasha moto.

Jumapili, 30 Agosti
Supu imesifiwa na watu wote. Mchungaji ameongezewa mara mbili. Voitto alisimama akanishukuru mbele ya watu, na habari ya dubu hakuigusa. Nilimshika mkono. Nilimwambia kuanzia leo mimi na siri basi. Machozi yalinilenga. Nilimaanisha kila neno.

Jumatatu, 31 Agosti
Asubuhi nimetembea peke yangu, kwa roho nyeupe. Nikavuka kijito kwenye kale kadaraja ka mbao, nikaingia msituni kidogo. Uyoga! Mkubwa kama visosi, zulia zima la manjano! Sikuimba. Sitamwambia mtu.

Kadaraja kana mbao sita tu. Tatu zikitolewa, nani atavuka?

Nimetoa nyundo na mtaimbo stoo. Sirkka akauliza naenda wapi navyo. Nikasema kurekebisha paa la sauna. Akanipa taulo na soksi kavu.

Soksi za nini, juu ya paa? Wanawake!