Ng'ombe wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kasafiri mpaka Jumamosi. Kaniachia ng'ombe wake, Bibi Harusi. Nikimtunza vizuri, ndama atakayezaliwa ni wangu. Nikiboronga, anakwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye kila jioni anachungulia zizini kama mpangaji anayesubiri chumba kiachwe.

Mama mkwe kaagiza kiwele kioshwe kwa maji ya vuguvugu kabla ya kukamua. Nimetafakari. Nyati huoshwa na nani? Maji nimeogea mimi. Raha tupu.

Jumanne, 4 Machi

Maziwa yana mabonge. Chuchu moja ya nyuma imevimba, ina joto kama pasi. Nimeyachuja kwa kilemba cha mke wangu, yakapendeza. Mpokeaji wa kituo cha maziwa kayanusa, kayarudisha, kisha kaninusa na mimi.

Mke kauliza kilemba kiko wapi. Nimesema upepo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempaka Bibi Harusi dawa ya kuchua kifua, ile inayochoma. Teke lake limenitupa ndani ya hori. Shemeji alikuwa mlangoni. Kacheka mpaka akakaa chini.

Mke kamwita daktari wa mifugo, mama mpole mwenye buti ndefu. Kakamua matone kwenye kikombe cheusi, mabonge yakaonekana. Kasema ni ugonjwa wa kiwele. Vijidudu huingia kwa uchafu wa kiwele na mikono ya mkamuaji. Kauliza kama naosha. Nimejibu naosha kila siku. Sikusema naosha nini.

Kaingiza dawa kwenye chuchu na kuagiza maziwa yamwagwe mpaka atakaporuhusu. Sasa mke ndiye anayeosha na kukamua. Bibi Harusi anamtazama kwa mapenzi. Mimi ananipa mgongo, na upande huo ndio wenye mateke.

Ijumaa, 7 Machi

Uvimbe umepungua, haujaisha. Mama mkwe anafika kesho. Akili ni mali.

Jirani yetu fundi cherehani ana ng'ombe mweusi mwenye baka usoni; yeye na Bibi Harusi ni kurwa na doto. Nimemwomba tubadilishane kwa siku moja, nikamweleza kwamba wanyama nao huchoka kuona ukuta uleule. Kakubali huku akinitazama sana. Fundi kamfunga Bibi Harusi peke yake, mbali na ng'ombe wake wengine. Habari za daktari zilishamfikia.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe hata mkoba hakuutua, moja kwa moja zizini. Nikamwambia kwamba Bibi Harusi huyu hapa, anang'aa. Akamwita. Ng'ombe akaendelea kula. Akaita tena, na ng'ambo ya ukuta, kwa fundi, Bibi Harusi akaitika kwa mlio wa kutikisa mabati.

Mama mkwe akanigeukia polepole. "Mkwe wangu, ng'ombe wangu kaolewa na fundi?"

Mke akamweleza yote, hata ya maji, kumbe alijua. Nikainamisha kichwa nisubiri radi. Mama mkwe akaanza kucheka. Akashika ukuta, akacheka mpaka machozi. Shemeji naye, fundi naye, mwishowe hata mimi.

Bibi Harusi karudishwa, kamlamba mama mkwe mkono mpaka kwenye kiwiko. Daktari kapita na kikombe chake: maziwa hayana bonge hata moja, ila yaendelee kumwagwa mpaka dawa iishe mwilini. Mama mkwe kampa mke wangu ndama. Shemeji kanuna. Mimi nimelala nikitabasamu, maana mke na mume ni kitu kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Mbuzi wa shemeji kavimba chuchu, hataki kuguswa. Nimemwambia asimsumbue daktari kwa jambo dogo. Ugonjwa huu mimi naujua nje ndani. Nimeshachemsha majani. Ni majani gani sijui, ila yana rangi ya kutia moyo.