Kelele Haijui Kupinda

Wageni wote wa gesti ya Mama Sekela, pale Msasani mjini Tukuyu, walilichukia tundu lililo juu ya mlango. Athuman peke yake ndiye aliyelipenda.

Kila chumba kilikuwa na tundu lake, pana kama sinia la pilau. Liliachwa wazi makusudi, maana Tukuyu ni mji wa mvua, na chumba kisichopumua huota ukungu mpaka kwenye mito. Hewa ilipita humo. Filamu za karate nazo zilipita humo humo. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia nchini, na Mama Sekela alikuwa ameletewa deki ya video na mwanawe kutoka Dar es Salaam. Akaiweka sebuleni, na tangu asubuhi watu waliuana kwa Kichina. Wafanyabiashara wa ndizi walihama. Wachungaji waliokuja kwa mkutano waliondoka mapema, wakisema hawawezi kusali huku mtu anavunjwa mbavu.

Athuman alilitazama tundu, kisha akaitazama deki. Yeye na mwenzake Muddy walikuwa na ndoto ya kufungua ukumbi wa video Mwanjelwa, Mbeya, na hawakupungukiwa chochote isipokuwa ukumbi na video. Ukumbi ungepatikana. Watu watakaa hata kwenye banda la kuku, mradi picha inacheza.

"Mama," alisema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya, "nyumba yako inaumwa masikio."

"Mwe! Nyumba ina masikio?"

"Yale matundu. Ukiyaziba, wageni watakosa hewa na bwana afya atakuja juu. Ukiyaacha, unakosa wageni. Lakini kuna kifaa. Unajua, hewa ni kama nyoka, inapinda. Kelele ni kama lori lisilo na breki, haijui kupinda."

Kifaa chenyewe kilikuwa sanduku kuukuu la majani ya chai, lililogongelewa misumari na Muddy. Ndani lilikuwa na vibao vya kuipitisha hewa kushoto na kulia, na pembeni limeshindiliwa majani makavu ya migomba. Athuman hakuliamini hata kidogo. Kwa heshima yake kwa sayansi, hakulijaribu.

Ujanja ulikuwa kwenye redio. Muddy alijifungia chumbani na redio ikiunguruma, Mama Sekela akasimama nje, Athuman akapanda kwenye stuli na kulitia sanduku tunduni. Muddy alipoona tundu limekuwa jeusi, akapunguza sauti. Sanduku likatoka, sauti ikapanda. Mama Sekela akapiga vigelegele.

"Nataka vyumba vyote! Ila mwanangu, sina cha kukulipa mwezi huu."

Athuman aliinamisha kichwa kama mtu anayejitoa mhanga. "Basi hata ile deki, mama. Tutavumilia."

Wakakubaliana. Kwamba mama huyu alikuwa ananunua ukimya kwa kutoa kitu kile kile kilichopiga kelele, hakuna aliyeliona, na si adabu kumkatiza mtu katikati ya biashara.

Aliyekatiza ni Mzee Ambindwile, mwenye gesti ya jirani, aliyefika kuona maajabu naye ajipatie.

"Ndaga, asante mwanangu, kazi nzuri," alisema. "Lakini mimi nimezoea minada ya ng'ombe. Muuzaji haachiwi amshike ng'ombe mwenyewe. Sasa wewe fundi ingia ndani, huyu mwenzako abaki na sisi. Redio hatuitaki. Piga kelele kwa mdomo wako."

Athuman akatabasamu. Mdomo wake ulipanda na kushuka kuliko redio yoyote. Akaingia, Mama Sekela akafunga komeo kwa nje ili mtihani uwe wa haki, na Athuman akaanza kunadi mitumba isiyokuwepo. Tundu likawa jeusi. Akashusha sauti, akangoja makofi.

Hakusikia kitu. Akangoja tena. Akabandika sikio mlangoni, ikawa kama amelibandika kwenye gunia la mchele.

Ndipo mtu akakohoa dirishani. Muddy alikuwa amesimama kwenye migomba ya nyuma, ng'ambo ya nondo. Deki ameibeba mgongoni ndani ya shuka la gesti kama mtoto mchanga, na kwapani ana jogoo.

"Kaka, umesikia tulivyopatana?"

"Hata neno!"

"Mimi mwenyewe sikuamini," Muddy alisema kwa heshima ya kweli. "Dude linafanya kazi! Nimewaambia fundi habanduki mpaka amalize nyumba zote mbili. Mzee kaniongezea na jogoo."

"Muddy! Deki ni yetu sote!"

"Ndiyo. Mimi naibeba, wewe unaifanyia kazi."

"Nitapiga kelele!"

"Piga, kaka. Ndicho wanachosubiri."

Akatokomea kwenye migomba. Athuman akaugeukia mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aache shule akasema kweli tupu, kwa nguvu zake zote: "Tumewatapeli! Sanduku ni takataka! Mkamateni Muddy, anakimbia na deki!" Alisema mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aliurukia mlango kwa ngumi na mateke.

Komeo likafunguliwa. Mama Sekela alikuwa na machozi ya furaha.

"Kama nyuki ndani ya chupa!" alisema. "Neno hata moja hatukulipata. Na jinsi ulivyojituma, masikini! Ulikuwa unasema nini?"

"Nilisema sisi ni matapeli."

Mzee Ambindwile alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe na mcheshi!"

"Mama, nakuapia. Muddy ametoroka. Boksi lile ni uongo mtupu."

Mama Sekela alimtazama kwa huruma. "Usijishushe, baba. Mafundi wazuri wote ndivyo walivyo, hawaridhiki na kazi yao. Keti ule kwanza."

Akawekewa sahani ya ndizi nyama. Kabla hajaimaliza, Mzee Ambindwile alikuwa amekwenda kwake na kurudi na msumeno. Akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango wa kutokea, tayari kumtazama fundi akifanya kazi.

Athuman aliupokea msumeno, akaugeuza huku na huku, kisha akauliza taratibu unashikwa upande gani. Wakacheka tena, wote wawili.