Ombi la Kupunguziwa Afya ya Baba

Daktari wa Kliniki ya Wanajeshi Wastaafu,

Shikamoo. Najua umri wako ni wa binti yangu, lakini mwenye shida hachagui.

Mimi ni Urbani wa Maguu, mtoto wa kwanza wa Sajini mstaafu Kilian, mwenye miaka themanini na saba. Kila miezi mitatu unampima, na kila mara anarudi mzima kuliko alivyokwenda. Kwa heshima zote, naomba uache. Sababu ni hizi:

1. Nina miaka sitini na miwili na wajukuu watano. Lakini baba akiwa hai, mkubwa wa nyumba ni yeye. Kwenye vikao vya ukoo bado naambiwa, "Kijana, lete maji," nami naleta huku nimeshika kiuno.

2. Ulimshauri atembee nusu saa kila siku. Mwanajeshi hatembei, Daktari. Anapiga kwata kuzunguka shamba la kahawa alfajiri, na sisi nyuma yake. Jumapili kanisani, mke wangu Lidia alipokomunika, naye aligeuka nyuma kijeshi kwa kukanyaga mguu. Padre alishtuka.

3. Mashimo ya ngoro tunayochimba mlimani tupande mahindi, anayakagua kama mahandaki. Langu lilikataliwa, eti adui angeniona kichwa. Nimechimba upya.

4. Mbao alizopasua zamani kwa ajili ya jeneza lake zilikuwa darini. Mwezi jana alizishusha, akaniangalia toka utosini hadi miguuni, akasema huenda zikanitosha mimi.

Sisemi afe, Mungu apishe mbali. Naomba tu umtafutie kaugonjwa kamoja ka heshima, ka kumkalisha, ili nami niongoze ukoo japo mwaka mmoja.

Wasalimie wauguzi wote, hata yule anayemwita baba "kamanda" na kumvimbisha kichwa.

Ni mimi mtiifu wako,
Urbani Kilian

Nyongeza: Naandika nyuma ya karatasi hiyohiyo kwa kuwa sina nyingine, muuguzi anakuletea ndani. Asubuhi hii baba ameanguka akichuma kahawa, na mkono wa kushoto hauinuki. Tuko hapa nje mlangoni kwako. Yeye anasema zamu yake ya kupimwa ni mwezi ujao, na mwanajeshi haruki foleni. Usimsikilize. Naogopa sana, Daktari. Upande wa mbele usiusome. Mpime leo, na kesho umpime tena.